Kuunganisha Diski ya Nje kwenye Kompyuta ya Zamani: Mwongozo Kamili

Umenunua diski ya nje ya terabaiti moja, ukaichomeka kwenye kompyuta ya mezani iliyopo nyumbani tangu enzi za Pentium 4 au Core 2 Duo, na hakuna kinachotokea. Au taa inawaka na mlio unasikika, lakini ukifungua orodha ya diski huioni. Au Windows inaleta kisanduku kinachosema diski lazima ifomatiwe ndipo itumike. Hapo wengi huamua kwamba kompyuta imechoka au muuzaji kawapiga. Mara nyingi si hivyo. Kompyuta ya mwaka 2003 inaweza kusoma diski iliyotoka kiwandani mwezi uliopita, ilimradi mambo matatu yakae sawa: umeme unaofika kwenye diski, tundu na draiva yake (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa), na namna diski yenyewe ilivyogawanywa na kufomatiwa. Tutakwenda kwa mpangilio huo, kwa sababu anayeanza kuhangaika na fomati wakati diski yake ina njaa ya umeme hufuta data bure.

Na kabla ya yote: kile kisanduku cha kufomati kikitokea, na ndani ya diski kuna kitu chako, bonyeza "Cancel". Kufomati hakuongezi umeme, hakutibu waya mbovu, wala hakuifundishi Windows kusoma kitu isichokielewa. Kunafuta tu orodha ya mafaili yako. Sharti hili mpe na fundi, tena kabla hujamwachia diski.

Ijue kompyuta uliyonayo

Shika kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika `winver`, bonyeza Enter. Kisanduku kitakuonyesha toleo la Windows na namba ya Service Pack, yaani furushi la masasisho. Kama ni XP, hakikisha ina Service Pack 3. XP ilipotoka mwaka 2001 haikuwa na uwezo wa USB 2.0, uwezo huo uliletwa na Service Pack 1 mwaka uliofuata. Windows Vista, 7 na zilizofuata hazina shida hiyo. Windows 98 ni hadithi nyingine: hata toleo lake la pili lilidai draiva ya kila flashi na kila diski, na kwa diski za leo draiva hizo hazitengenezwi tena. Mwenye mashine ya namna hiyo atapata nafuu akitoa diski ya ndani na kuisomea kwenye kompyuta nyingine.

Sasa chungulia matundu. Tundu la USB la zamani, yaani 1.1 au 2.0, lina vidole vinne vya shaba ndani, na ulimi wake huwa mweupe au mweusi. La USB 3.0 lina vidole tisa, na mara nyingi ulimi ni wa bluu. Diski ya USB 3.0 inafanya kazi kwenye tundu la USB 2.0 bila kifaa chochote cha katikati. Inapunguza mwendo tu. Hivyo asikudanganye mtu kwamba diski yenye ulimi wa bluu haifai kwa kompyuta yako.

Tofauti ya mwendo lakini si ndogo. USB 1.1, ya mwaka 1998, kwa vitendo hupitisha takriban megabaiti moja kwa sekunde. USB 2.0, iliyotangazwa mwaka 2000, hupitisha kama 30 mpaka 40. Kwenye USB 3.0, ya mwaka 2008, kinachokwamisha ni diski yenyewe, ambayo ikiwa ni ya kuzunguka hukimbia kwenye 100 au zaidi kidogo. Chukua gigabaiti 100 za picha na video: kwa USB 3.0 ni kama dakika 17, kwa USB 2.0 ni karibu saa nzima, na kwa USB 1.1 ni zaidi ya siku nzima, usiku ukiwemo. Ukiwa na vifaili vidogovidogo maelfu, ongeza muda.

Ili ujue kompyuta yako iko kundi gani, bonyeza tena Windows na R, andika `devmgmt.msc`, kisha fungua fungu la USB lililo karibu na mwisho wa orodha. Ukiona jina lenye neno "Enhanced", una USB 2.0. Usipoliona, una 1.1, au draiva ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta) haijawekwa. Kwenye XP kuna dalili nyingine: ukichomeka diski kwenye tundu la polepole, kiputo hutokea karibu na saa kikisema kifaa hiki kingeweza kwenda kasi zaidi.

Kuna mtego mmoja unaowakamata wenye kompyuta za mtumba za kati ya 2011 na 2013. Windows 7 haiji na draiva ya USB 3.0, Windows 8 ndiyo ya kwanza kuja nayo. Basi fundi akishapiga Windows 7 upya na asiweke draiva za madabodi, matundu ya bluu yanakuwa mapambo: kipanya hakiwaki, flashi haisomi, diski haionekani. Chomeka kwenye tundu jeusi, ikisoma umeshajua tatizo ni lipi. Pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta kwa namba ya modeli.

Umeme, umeme, umeme

Hapa ndipo penye kesi nyingi, na ndipo watu wanapokawia kuangalia.

Diski ndogo za kubeba mkononi, zile za inchi 2.5, hazina adapta. Zinakula umeme kupitia waya uleule wa data. Tundu la USB 2.0 limeruhusiwa kutoa miliampia 500 kwa volti 5. La USB 3.0 miliampia 900. Diski ya kuzunguka, pale inapoanza kusukuma sahani zake kutoka kusimama, inaweza kutaka kufikia ampia moja kwa sekunde chache. Madabodi nyingi huvumilia na kutoa zaidi ya kiwango, nyingine hazivumilii. Pawa saplai iliyokula vumbi kwa miaka kumi na mitano nayo haitoi kama zamani.

Dalili za njaa ya umeme hazifichiki ukishazijua. Diski inatoa mlio wa "tik… tik… tik" kwa vipindi vinavyolingana. Inaanza kuzunguka, inazima, inaanza tena. Windows inapiga mlio wa kuunganishwa kisha wa kukatwa, mara kwa mara. Au inasoma vizuri folda ndogo, ukianza kunakili faili kubwa inajikata. Mlio wa tik unaweza pia kuwa wa diski iliyokufa, lakini usiizike kabla hujaijaribu kwenye kompyuta mpya zaidi.

Tiba yake, kuanzia ya bure:

1. Hama kutoka matundu ya mbele kwenda ya nyuma. Ya nyuma yameunganishwa moja kwa moja na madabodi. Ya mbele hupitia waya mwembamba ndani ya kasha, na umeme hupungua njiani.
2. Ondoa vitu vingine vinavyonyonya USB: simu inayochaji, feni ndogo, modemu, taa.
3. Tumia waya uliokuja na diski. Ukipotea, nunua mfupi na mnene. Waya wa kuongezea urefu weka kando kabisa.
4. Tafuta waya wenye vichwa viwili vya USB upande wa kompyuta. Kichwa kimoja kinabeba data na umeme, cha pili kinaongeza umeme tu. Vyote viwili vichomeke kwenye kompyuta hiyohiyo.
5. Ikishindikana, nunua habu ya USB (kifaa cha kuongeza matundu) yenye adapta yake ya ukutani. Zile habu ndogo zisizo na adapta hazisaidii kitu. Zinagawana kilekile kidogo.

Ukiuliza Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utaonyeshwa habu za kila rangi. Angalia tundu la adapta ubavuni, na adapta yenyewe iwe ndani ya boksi, ya volti 5 na angalau ampia 2.

Diski kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake, na kwa kompyuta ya zamani hizo ndizo rahisi zaidi, maana hazitegemei tundu kwa umeme. Hatari yake ni moja tu, lakini ni ya kuua: adapta kubadilishana. Diski hizi hutumia volti 12. Adapta ya laptopu hutoa kama volti 19, na kichwa chake wakati mwingine kinaingia vizuri kabisa. Ukikichomeka, unaunguza bodi ya diski papo hapo. Andika kwa kalamu ya wino juu ya adapta jina la diski yake. Ukinunua adapta mbadala, linganisha volti, linganisha mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya iko katikati au nje, na ampia ziwe sawa au zaidi ya za awali.

Kuhusu waya, jambo moja zaidi. Diski nyingi za USB 3.0 zina tundu pana, bapa, lenye sehemu mbili kando kwa kando. Ile sehemu kubwa kati ya hizo mbili inapokea waya wa zamani wa simu, wa micro-USB. Ukiwa huna waya wake, huo unafaa kusomea diski kwa mwendo wa USB 2.0. Ila uwe wa data. Nyaya nyingi za simu za bei poa ni za kuchajia tu, hazina nyuzi za data ndani. Diski mpya zenye tundu la USB-C zinahitaji waya wenye C upande mmoja na USB ya kawaida upande wa pili.

Kuichomeka mara ya kwanza

Washa kompyuta kwanza, isubiri ifunguke kabisa, ndipo uchomeke diski. BIOS (programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows) nyingi za zamani zikikuta diski kubwa ya USB wakati wa kuwaka hugoma kwenye kioo cheusi, au zinajaribu kuwakia kutoka kwenye diski hiyo na kukuambia hakuna mfumo endeshi. Ikikutokea, kompyuta haijafa. Chomoa diski, zima, washa tena. Kwa suluhisho la kudumu ingia BIOS (Dell nyingi ni F2, HP Compaq za ofisini ni F10) na uipandishe diski ya ndani iwe ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwakia.

Ukiwa na XP na huiamini diski, shika kitufe cha Shift unapoichomeka na uendelee kukishika kwa sekunde kadhaa. Hiyo inazuia programu yoyote iliyofichwa kwenye diski isijiendeshe. Tutarudi kwenye virusi baadaye.

Mara ya kwanza Windows itatafuta draiva yenyewe. Kwa XP inaweza kuchukua dakika moja au mbili, na wakati mwingine inaomba uwashe upya. Kubali. CD au programu zilizomo ndani ya diski huzihitaji. Diski za nje zote hutumia draiva moja ya jumla ambayo Windows inayo tayari.

Inasikika lakini haionekani

Kama mlio umesikika na diski haipo kwenye orodha, bonyeza Windows na R, andika `diskmgmt.msc`. Dirisha litakalofunguka linaonyesha kila diski iliyounganishwa, hata zisizo na herufi. Tazama nusu ya chini. Tambua diski yako kwa ukubwa wake. Diski iliyoandikwa terabaiti 1 itaonekana kama gigabaiti 931, kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa maelfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Hujaibiwa.

Unachokiona mbele ya diski hiyo ndicho kinachoamua hatua inayofuata.

Patisheni (fungu la diski lililotengwa) ipo, ina bluu juu, imeandikwa NTFS au FAT32, lakini haina herufi. Hili ni jepesi. Linatokea sana kwenye XP yenye kisoma kadi au folda za mtandao zilizopewa herufi: diski mpya inapewa herufi ambayo tayari ina mwenyewe, basi inajificha. Bofya kulia kwenye patisheni, chagua kubadilisha herufi, ipe iliyo mbali kama X. Itatokea palepale.

Patisheni ipo lakini imeandikwa "RAW", au haina jina la mfumo wa faili. Hapa ama Windows yako haijui mfumo huo, ama orodha ya mafaili imeharibika, pengine kwa umeme kukatika. Ichukue diski kwenye kompyuta mpya zaidi. Ikisomeka huko, ni suala la mfumo wa faili tu na data iko salama. Isiposomeka huko pia, acha kuigusagusa. Hiyo ni kazi ya programu za uokoaji kama TestDisk au ya mtu anayezijua.

Imeandikwa "GPT Protective Partition" na kila ukibofya kulia chaguo zote zimefifia. Hii ni XP ya kawaida ya biti 32 ikikuambia kwamba diski imegawanywa kwa mtindo mpya usiojulikana kwake. Data zipo. Soma sehemu inayofuata.

Imeandikwa "Unallocated" na ukanda mweusi. Kama diski ni mpya, ni kawaida, iandae. Kama ilikuwa na vitu, simama.

Haionekani kabisa hata hapo. Rudi kwenye umeme na waya.

GPT, MBR na mpaka wa terabaiti mbili

Diski hugawanywa kwa jedwali la aina mbili. MBR ni la zamani na kila Windows inalielewa. Linahesabu sekta (vipande vidogo vya diski) kwa namba ya biti 32, na sekta ya kawaida ina baiti 512; ukizidisha, mwisho wake ni takriban baiti trilioni 2.2. Ndiyo maana diski ya terabaiti 2 inaingia na ya 4 haiingii. GPT ni jipya, halina kikomo hicho, na linasomwa na Vista kwenda juu. XP ya biti 32 hailisomi.

Kwa hiyo mwenye XP anunue diski isiyozidi terabaiti 2 na aifanye MBR. Kwa Windows 7, GPT ni sawa tu kwa diski ya kuhifadhia, hata kama kompyuta yenyewe ni ya BIOS ya zamani.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Baadhi ya diski za nje za terabaiti 3 na zaidi zinasomeka kwenye XP bila shida. Kasha lake linaidanganya kompyuta kwamba sekta ina baiti 4,096, hivyo hesabu ileile ya MBR inafika mbali mara nane. Inafanya kazi, lakini siku kasha likiharibika ukaitoa diski na kuichomeka moja kwa moja kwa SATA, yaani kama diski ya ndani, patisheni haitaonekana.

Mfumo wa faili upi?

NTFS. Kama kompyuta zako zote ni Windows, jibu ni hilo kuanzia XP mpaka Windows 11. Inabeba mafaili makubwa, na umeme ukikatika katikati ya kuandika ina kumbukumbu ya kujirekebishia.

FAT32 inasomwa na kila kitu, redio za gari na televisheni za zamani zikiwemo, lakini faili moja haliwezi kufika gigabaiti 4. Video ya harusi iliyotoka kwa mpiga picha inapita hapo kirahisi, na Windows ya zamani inaweza kukuambia diski imejaa wakati ina nafasi tele. Isitoshe chombo cha kufomatia cha Windows za zamani kinakataa kutengeneza FAT32 inayozidi gigabaiti 32.

exFAT ndiyo unayoikuta kwenye diski nyingi mpya, kwa sababu Mac inaisoma na kuiandika. Windows 7 inaielewa, na Vista inaielewa kuanzia Service Pack 1. XP haiijui mpaka uweke sasisho la Microsoft namba KB955704 la mwaka 2009, linalohitaji Service Pack 2 au 3. Mwenye XP akiletewa diski ya exFAT ndiye hasa anayekutana na kile kisanduku cha kufomati. Itumie ikiwa tu diski inazunguka kati ya Windows na Mac, maana haina ile kumbukumbu ya NTFS na umeme ukikatika huumia haraka.

Kuiandaa diski mpya

Fanya kazi hii kwenye kompyuta ya Windows 7 au mpya zaidi, hata ya kuazima. XP huanzisha patisheni kwenye sekta ya 63, mahali pasipolingana na sekta za diski za leo, na uandishi unakuwa wa polepole bila sababu inayoonekana. Windows mpya huanza kwenye megabaiti ya kwanza na XP inaipokea hivyohivyo.

Amri zifuatazo zinafuta kila kitu. Chomoa flashi na diski nyingine zote za nje kwanza. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

`diskpart`
`list disk`

Itaorodhesha diski kwa namba na ukubwa. Diski ya ndani kwa kawaida ni 0. Tuseme yako ni 1:

`select disk 1`
`detail disk`

Amri hii ya pili inaonyesha jina la diski. Lisome. Ukiwa na hakika:

`clean`
`convert mbr`
`create partition primary`
`format fs=ntfs quick label=NYUMBANI`
`assign`
`exit`

Kama huna XP popote na diski ni zaidi ya terabaiti 2, andika `convert gpt` badala ya mbr. Mengine hayabadiliki.

Kabla ya kuijaza, kama diski umeipata kwa bei ya kushangaza, ijaribu kwa programu ya H2testw. Inaandika diski yote kisha inaisoma tena. Kuna "SSD" za terabaiti 16 zinazouzwa kwa bei ya viatu. Ndani ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyorekebishwa idanganye ukubwa wake. Zinakubali kunakili kila kitu na zinarudisha kidogo sana.

Kuongeza mwendo

Kompyuta ya mezani yenye USB 1.1 inaokolewa na kadi ya PCI ya USB 2.0. Yenye nafasi ya PCI Express, ile fupi kabisa, inapokea kadi ya USB 3.0. Zima, chomoa waya wa ukutani, gusa chuma cha kasha kutoa umeme tuli mwilini, fungua ubavu, chomeka kadi, funga skrubu. Kama kadi ina kichwa cha umeme, kiunganishe na pawa saplai. Ukikiacha, umerudi kwenye njaa ileile. Muulize muuzaji kama ina draiva ya Windows yako kabla ya kulipa, kwa sababu kadi mpya nyingi hazina ya XP. Laptopu za zamani zina nafasi ya CardBus au ExpressCard ubavuni na kadi zake zipo, ila hazina umeme wa kutosha diski ya kuzunguka. Habu yenye adapta inakuwa ya lazima.

Kama unahamisha mara moja tu, usinunue kitu. Acha inakili usiku.

Kunakili bila kuogopa umeme kukatika

Kuburuta folda ya gigabaiti 200 kwa kipanya ni kujitafutia. Faili moja likigoma, zoezi zima linasimama na hujui limefika wapi. Windows Vista na kuendelea ina amri ya robocopy:

`robocopy D:\Picha X:\Picha /E /R:2 /W:5`

D ni unakotoka, X ni diski ya nje; weka herufi zako. `/E` inachukua na folda za ndani. `/R:2` na `/W:5` zinaiambia ijaribu mara mbili tu kwa faili linalogoma, ikisubiri sekunde tano, kisha iendelee; usipoziweka, itang'ang'ana na faili moja mpaka kesho. Umeme ukikatika, rudia amri ileile. Yaliyokwisha kunakiliwa itayaruka. Usiongeze `/MIR` kwa kuiona mahali, kwani inafuta kule unakopeleka kila kisichokuwepo unakotoka.

XP haina robocopy. Tumia:

`xcopy D:\Picha X:\Picha /E /H /C /D`

Hii nayo ukiirudia inaruka yaliyokwishafika, lakini haiangalii ukubwa. Faili lililokuwa linaandikwa umeme ulipokatika linaweza kubaki nusu na likapita kama zima. Lifute hilo la mwisho kabla ya kurudia.

Umeme ukirudi, endesha `chkdsk X: /f`, inayokagua na kurekebisha mfumo wa faili, kabla ya kuendelea. Isipokuwa kama diski inatoa milio au inakwama kwenye kusoma: hapo chkdsk inaikimbiza diski mgonjwa, na unachotakiwa ni kutoa vitu vya muhimu kwanza.

Ukimaliza, tumia alama ya kuondoa kifaa salama iliyo karibu na saa. Ikikataa kwamba diski inatumika, funga madirisha yote. Ikiendelea kukataa, zima kompyuta kabisa kisha uchomoe.

Folda zimegeuka kuwa njia za mkato

Diski iliyopita kibanda cha kuwekea muvi au kompyuta ya stesheneri ya mtaani inaweza kurudi na folda zote zikiwa na kimshale na ukubwa wa kilobaiti moja. Vitu vyako havijafutwa. Kirusi kimevificha na kuweka vibandiko vyake mahali pake. Ukibofya kibandiko kimoja unahamishia kirusi kwenye kompyuta yako. Usibofye. Fungua dirisha la amri:

`attrib -h -r -s /s /d X:\*.*`

Subiri imalize. Folda halisi zitatokea kando ya vile vibandiko. Futa vibandiko, kisha kagua diski kwa antivirusi kwenye kompyuta yenye Windows inayosasishwa. XP ilikoma kupata masasisho ya usalama Aprili 2014 na Windows 7 Januari 2020, kwa hiyo kompyuta ya zamani isiwe ndiyo unayoitegemea kusafisha.

Diski iliyotolewa kwenye laptopu mbovu

Kasha tupu la USB la inchi 2.5 linaigeuza diski hiyo kuwa ya nje. Angalia kichwa kwanza: SATA ni bapa na chembamba, IDE kina safu mbili za pini, makasha yake ni tofauti. Ukikataliwa kufungua folda za mtumiaji wa zamani, kwenye Windows 7, ukiwa msimamizi:

`takeown /f "X:\Users\jina" /r /d y`
`icacls "X:\Users\jina" /grant %username%:F /t`

Kinyume chake hakiwezekani kila mara. Usivunje kasha la diski ndogo ya nje ukitarajia kukuta SATA ndani: baadhi ya diski za WD za kubeba zina tundu la USB lililochomelewa kwenye bodi yake.

Windows ikishindwa kabisa

Pakua antiX, Linux nyepesi ambayo ina toleo la biti 32, na uichome kwenye DVD au flashi. Pentium 4 nyingi haziwaki kutoka flashi, hivyo DVD ndiyo ya uhakika. Washa kutoka humo bila kusakinisha chochote. Linux inasoma GPT, NTFS na exFAT hata kwenye mashine ambayo XP yake inaona ukanda mtupu, na unaweza kunakili kutoka diski ya ndani kwenda ya nje ukiwa humohumo. Diski ikifunguka kwa kusoma tu, huenda ilichomolewa bila utaratibu kutoka Windows. Irudishe huko, iondoe salama, kisha ujaribu tena.